STIMA IKIPOTEA, NANI ALIPE SAA ILE?



Serikali imetuahidi mambo mawili, na yote mawili ni mema. La kwanza ni kwamba stima itafika kila nyumba. La pili ni kwamba nyaya za intaneti, hizi tuitazo faiba, zitatandazwa nchi nzima. Serikali iliyoingia Septemba 2022 ilitaja kilomita 100,000 za faiba katika miaka 5, na vituo 25,000 vya intaneti ya bure masokoni na mahali pengine pa watu wengi. Sisi wa chama hatuna ugomvi na ahadi hizi. Mtoto wa mfanya kazi akipata taa ya kusomea na njia ya kufikia vitabu, furaha ni yetu kwanza kabla ya kuwa ya Waziri.

Lakini tumesikiliza hotuba nyingi za habari hii, na hatujasikia mtu akiuliza swali moja dogo. Stima ikipotea saa nne asubuhi na kurudi saa saba mchana, zile saa tatu ni za nani? Ni za Serikali? Ni za kampuni ya stima? Ni za tajiri? Mpaka leo jibu ni moja: ni za mfanya kazi, maana ndiye azilipaye.

Twatoa mfano. Kuna kiwanda kimoja cha kushona nguo, ambacho hatukitaji jina kwa kuwa shauri lake lingali mezani. Stima ikikatika pale, mashine zote hunyamaza mara moja. Jenereta ipo, lakini huwashwa kwa ajili ya ofisi na taa za mlangoni, kwa kuwa mafuta ni ghali. Wanawake wale hubaki vitini wakingoja. Hawana ruhusa ya kutoka nje, hawana ruhusa ya kusinzia, wala hawana ruhusa ya kwenda nyumbani. Stima ikirudi, msimamizi hutangaza kwamba hesabu ya nguo za siku ni ile ile, basi kazi itaendelea hadi saa moja ya usiku. Tukiuliza habari ya ovataimu twajibiwa, "Mlikuwa mmepumzika mchana." Kupumzika! Mtu aliyefungiwa katika chumba cha mabati bila feni, akingoja amri, huyo amepumzika?

Hatukatai kwamba tajiri naye ana hasara. Nguo zisipofika bandarini kwa wakati, mnunuzi wa ng'ambo humkata bei. Lakini tajiri ana kitabu cha kuandika hasara yake, ana benki, na pengine ana bima. Mama aliyeacha mtoto kwa jirani mpaka saa kumi na moja, na sasa atamchukua saa mbili usiku, hana kitabu cha kuandika. Jirani ataka pesa zake, na gari la usiku ni bei ya juu kuliko gari la jioni.

Twende kwenye asili ya jambo lenyewe, maana wako wanachama wasemao kwamba stima ni habari ya watu wa viwandani, na intaneti ni habari ya vijana wenye simu kubwa. Wanakosea, na tungependa waelewe kwa nini.

Wazee waliofanya kazi katika Posta na Simu watakumbuka jinsi simu ya zamani ilivyokuwa. Waya wake ulikuwa wa shaba, na stima ya kuendesha simu ilitoka katika nyumba ya mitambo ya simu, ambako palikuwa na mabetri makubwa. Mji mzima ungekuwa gizani, na bado ungeweza kuinua mkono wa simu ukamwita daktari. Faiba haiko hivyo. Faiba ni unywele wa kioo. Hupitisha mwanga, na stima haipitishi kabisa. Kile kisanduku chenye vitaa kilichotundikwa ukutani hutaka stima ya nyumba, na stima ya nyumba ikipotea kisanduku hufa, hata kama kioo kilichoko nje ni kizima. Minara ya simu za mkononi nayo ina mabetri na jenereta, lakini mabetri huisha, na dizeli isipofika mnara hunyamaza. Kwa hiyo intaneti ya leo ni mtoto anyonyaye kwa stima. Mama akiugua, mtoto analala njaa.

Tena vitu hivi viwili husafiri pamoja. Nguzo ile ile iliyobeba waya wa stima kwenda kijijini ndiyo inayobeba faiba. Hata juu kabisa ya ile minara mikubwa ya chuma ivukayo mbuga, ule waya wa kukinga radi mara nyingi una faiba ndani yake, na kwa miaka mingi kampuni ya Kenya Power imekuwa ikiikodisha nafasi hiyo kwa makampuni ya simu. Lakini huko Nairobi stima iko Wizara ya Kawi na intaneti iko Wizara ya Habari na Mawasiliano, na kila mmoja ana mpango wake, ramani yake, na makandarasi wake. Mmoja achimba, mwingine aja kufukua. Mwenye kutengeneza barabara naye apita na tingatinga lake, akakata waya wa wote wawili. (Wezi nao wamezoea kukata nyaya wakitafuta shaba. Wakikata faiba hawapati kitu ila kioo kisichouzika, lakini hasara kwetu ni ile ile.)

Kwa haki, lazima tuseme kwamba kazi kubwa imefanyika. Mpaka mwaka wa 2009 nchi yetu ilitegemea setilaiti kwa mawasiliano ya intaneti na nchi za ng'ambo, na bei yake ilikuwa ya matajiri peke yao. Mwezi wa Juni mwaka ule waya wa TEAMS, utokao Fujairah katika Ghuba, ulifika Mombasa, na mwezi wa Julai ukafuata ule wa SEACOM. Bei ilianza kushuka. Na kwa upande wa stima, mwaka wa 2015 Serikali ilishusha ada ya kuunganishiwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000 kwa mpango wa kufikisha stima mashinani. Mwaka wa 2013 wateja wa Kenya Power walikuwa zaidi kidogo ya milioni 2. Kufika mwaka wa 2024 walikuwa zaidi ya milioni 9. Tena karibu sehemu 9 kati ya 10 za stima yetu hutoka katika mvuke wa Olkaria, maji ya Mto Tana na kwingineko, upepo na jua. Nchi nyingi tajiri hazijafika hapo. Asiyekubali haya ni mbishi tu.

Shida ni kwamba hesabu ya Serikali ni hesabu ya nguzo. Nguzo ikisimama, mita ikitiwa, kijiji huandikwa kwamba kina stima, picha hupigwa, na mkubwa hurudi mjini. Kama transfoma iliungua mwezi uliofuata na wananchi wakakaa gizani kwa majuma sita, kijiji kile bado chahesabiwa. Faiba nayo yahesabiwa kwa kilomita. Lakini kilomita haisemi kama waya una kazi. Hatujapata kusikia hesabu ya saa: saa ngapi kwa mwezi mtu wa Busia au wa Kitui alikuwa na stima kweli, na saa ngapi alikuwa na intaneti kweli. Mfanya kazi hulipwa kwa saa na kwa siku, wala halipwi kwa kilomita. Twataka tuhesabiwe kwa kipimo tulichozoea.

Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima iliingia gizani. Hata katika uwanja mkubwa wa ndege wa Nairobi abiria walikaa gizani kwa kuwa jenereta ilikataa kuwaka. Kampuni ya stima na wenye vinu vya upepo vya Turkana wakalaumiana, huyu akisema kosa ni la yule. Giza kubwa kama lile lilirudi Novemba, na tena Desemba mwaka ule ule, na mwaka wa 2024 pia. Mwezi wa Novemba 2024 Rais mwenyewe alisema waziwazi kwamba baina ya saa kumi na moja jioni na saa nne za usiku ilikuwa lazima kuzima sehemu fulani za nchi, kwa kuwa stima haikutosha. Saa hizo ndizo fundi wa kuchomea vyuma hupata wateja wake, kinyozi hunyoa waliotoka kazini, na mtoto hufungua kitabu. Huwezi kumwambia kijana ajifunze kazi za intaneti jioni baada ya kibarua, halafu jioni ndiyo uizime.

Na msidhani kwamba kosa ni upungufu wa mitambo tu. Kinu cha upepo kule Loiyangalani, chenye mapangaboi 365 na nguvu ya megawati 310, kilikuwa tayari mwaka wa 2017. Kikasimama kikitazama upepo ukipita, kwa sababu laini ya kupeleka stima mpaka Suswa haikuwa imekwisha. Laini ilikwisha Septemba 2018, na kwa kuchelewa huko nchi ilidaiwa mabilioni ya shilingi. Bili ile haikulipwa na mhandisi wala na waziri. Iliingia katika hesabu ambayo mwisho wake ni mita yako. Hata leo, kati ya kila yuniti 5 ambazo Kenya Power hununua kwa wenye mitambo, zaidi ya 1 hupotea njiani, nyingine kwa nyaya mbovu na nyingine kwa wizi. Nyaya hizo hazikutosha kubeba stima ya jana, na sasa zatakiwa kubeba stima ya kesho.

Mwezi wa Mei 2024 ilitangazwa kwamba Microsoft na kampuni ya G42 ya Falme za Kiarabu wangejenga ghala kubwa la kompyuta huko Olkaria, la dola bilioni 1, na kwamba lingeanza na megawati 100. Mahitaji ya nchi yetu yote, wakati yanapopanda kabisa, ni zaidi ya megawati 2,300. Hatupingi. Mvuke wa Olkaria hautulii usiku, na saa nane za usiku, watu wakiwa wamelala, mwingine huachwa ukaenda hewani bure. Mnunuzi wa usiku ni mnunuzi mzuri. Lakini twasema haya: mgeni akija na mkataba, ataandika humo kwamba stima yake isikatike hata dakika moja, na ikikatika alipwe. Naye atakubaliwa. Mbona jambo hilo likiombwa na mshonaji wa Athi River huitwa siasa?

Mfanya kazi wa kawaida hulipa kodi katika mambo haya kila siku. Akinunua tokeni, hakatwi bei ya stima peke yake: kuna gharama ya mafuta, kuna gharama ya kubadilisha fedha za kigeni, kuna asilimia 5 ya kupeleka stima mashambani, na kodi ya VAT asilimia 16. Tangu Aprili 2023 bei ya chini kabisa ya nyumbani ni kwa mwenye kutumia yuniti zisizozidi 30 kwa mwezi. Zamani kipimo kilikuwa 100. Mwenye friji ndogo na pasi amekwisha kutolewa katika hesabu ya maskini bila ya kuulizwa. Na akinunua bando la intaneti, kuna ushuru wa asilimia 15 kwa Sheria ya Fedha ya 2023, na VAT juu yake. Makampuni ya simu nayo hutoa fungu la mapato yao kwa mfuko wa kupeleka mawasiliano mahali pasipo na faida. Basi pesa zipo, na zatoka kwetu. Kinachotakiwa ni mtu wa kueleza zimefanya nini.

Sasa twaja kwa vijana wetu waliokwisha kuingia katika kazi hizi mpya. Serikali huwahimiza wafanye kazi za intaneti, na wengi wamefanya. Hapa Nairobi walikuwapo wale waliosomea Facebook mambo machafu ya dunia nzima ili wengine wasiyaone, na wengine waliofundisha kompyuta ya kampuni ya Marekani kutambua maneno mabaya. Iliandikwa Januari 2023 kwamba baadhi yao walikuwa wakipata chini ya dola 2 kwa saa. Faiba ilifika, stima ilikuwapo, ofisi ilikuwa na vioo, na mshahara ulikuwa ni huo. Tarehe 1 Mei 2023 zaidi ya 150 kati yao walikutana Nairobi wakapiga kura ya kuunda chama chao, na wengi wao wameshitaki mwenye Facebook katika mahakama zetu. Twawapongeza. Yule afanyaye kazi hiyo chumbani mwake Githurai au Kisumu ana taabu nyingine: stima ikipotea katikati ya kazi, kazi hupewa mtu mwingine wa nchi nyingine, na jina lake huandikwa kwamba si mtu wa kutegemewa. Hana msimamizi wa kumlalamikia wala ukuta wa kiwanda wa kukutania na wenzake.

Na wale wanaotandaza nyaya zenyewe? Kazi ya kupanda nguzo ni kazi ya hatari, kila mtu ajua. Lakini wengi wa wanaotandaza faiba mitaani ni vibarua wa makandarasi wadogo, waliochukuliwa na makandarasi wa kati, waliochukuliwa na kampuni kubwa. Akianguka, kila mmoja humtazama mwenzake. Utamwona kijana juu ya nguzo yenye waya wa stima ulio hai, hana mkanda, hana kofia ya chuma, amevaa raba. Kampuni kubwa ikiulizwa yajibu kwamba haimjui. Haimjui, na waya aliotandaza waijua kweli kweli, maana kila mwezi waiuzia watu. Kilomita 100,000 zikitandazwa namna hii, tutahesabu na makaburi pia.

Wako wasemao kwamba dawa ni kuwapa wageni nyaya zetu waziendeshe kwa miaka mingi. Tumeliona jambo hili juzi juzi. Oktoba 2024 mapatano yalitiwa sahihi na kampuni ya Adani ya India, ya kujenga laini kubwa za stima na kuziendesha kwa miaka 30. Kabla ya hapo palikuwa na shauri la kampuni hiyo hiyo kuchukua uwanja wa ndege wa Nairobi, na tarehe 11 Septemba 2024 wafanya kazi wa uwanja waligoma, ndege zikakaa chini. Mahakama ilisimamisha mambo, na mwishowe, tarehe 21 Novemba 2024, Rais alifuta yote mawili, baada ya mwenye kampuni kushitakiwa huko Marekani. Laini zinatakiwa, hatusemi hazitakiwi. Kisa hiki chatufundisha kwamba wafanya kazi waliuliza maswali mapema kuliko Bunge, nao wakaitwa wachochezi kwa miezi miwili.

Basi chama chetu chataka nini? Twataka faiba na stima zipangwe katika meza moja, na mahali ambapo transfoma huungua kila msimu wa mvua patengenezwe kabla ya kutundikwa waya wa intaneti juu yake. Kodi ambayo makampuni ya simu hulipa kwa kutumia nguzo za umma itumike kutengeneza nguzo hizo, na hesabu yake itangazwe. Kijana apandaye nguzo aandikwe kazi na yule anayefaidika na waya, wala si na mkandarasi wa tatu.

Hayo ni ya Serikali, na yatachukua muda. Lakini moja liko mikononi mwetu wenyewe mwaka huu. Katika kila mapatano mapya na waajiri tutatia kifungu hiki: mfanya kazi aliyefika kazini na kuwa tayari, stima ikipotea, saa zile ni saa za kazi na zitalipwa, na akitakiwa kubaki jioni ili kufidia, hiyo ni ovataimu. Waajiri watasema hawawezi. Watuletee hesabu zao tuzitazame. Kisha twende nao pamoja kwa kampuni ya stima, maana siku mwajiri atakapolipa saa ile, siku hiyo hiyo atapata sauti ya kugomba na wenye laini. Leo ananyamaza kwa kuwa sisi ndio tunaomlipia.

Wenye mashauri hawashindi bila ushahidi. Kwa hiyo kila mwakilishi wa kiwanda au ofisi anunue daftari la kurasa 32. Kila stima ikipotea aandike tarehe, saa ilipopotea, saa iliporudi, watu wangapi walikuwa kazini, waliambiwa nini na msimamizi, na kama walilipwa. Wanaofanya kazi za intaneti nyumbani waandike vivyo hivyo, pamoja na kazi waliyonyang'anywa. Madaftari yafikishwe kwa katibu wa tawi kabla ya mwisho wa mwezi. Asiyeweza kuandika amwambie mwenzake amwandikie, na wote wawili watie alama zao chini ya ukurasa.